Bunda Lililorudi Kangeta

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kule Kanja, Embu, ukungu umelala juu ya mikahawa kama mtu asiyetaka kuamka, mwanamke mwenye viatu vya ofisi akatokea katikati ya shamba akiuliza jina langu. Viatu vyake vilijaa matope mekundu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikuzoea kutafutwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta, kila mara kilima kilicho mbele ya kile nilichosimamia.

Shule niliiacha darasa la saba. Kujua nilipenda mno, ila niliona dunia ni kubwa kuliko darasa. Tembea uone, walisema wahenga, lakini hawakusema utembee bila kutazama ulichoacha nyuma.

Kabla ya Kanja nilikuwa Kangeta, upande wa Meru, kwenye banda la kufungia miraa, vile vitawi vya kutafuna. Kazi nilifundishwa na Kananu, mama wa makamo mwenye vidole vyepesi. Alinionyesha kulaza jani la mgomba, kupanga miraa, kisha kufunga kwa kamba ya mgomba. Kila mfungaji ana mkono wake. Kananu alizungusha kamba mara mbili na kuificha ncha ndani. Mimi nilizungusha mara moja tu, ncha ikabaki nje kama mkia wa panya.

"Mutuma," alinitania kila siku, "bunda lako linatembea uchi."

Basi ikawa wanunuzi wamerudisha bunda moja. Juu miraa mbichi, chini ile ya jana, imenyauka. Mwenye banda alilitupa miguuni pa Kananu na kumwambia asirudi tena. Sote tulijua kwamba juma lililotangulia Kananu alikuwa ameomba barua ya kuajiriwa na siku moja ya mapumziko, na mwenye banda hakupendezwa. Kisha mwenye banda akaniletea karatasi. Ilisema kwamba nilimwona Kananu, kwa macho yangu, akichanganya miraa.

"Weka sahihi hapa, kijana, kazi iendelee."

Sikuwa nimeona chochote. Lakini begi langu lilikuwa tayari, maana dereva mmoja alikuwa amenisimulia jinsi kahawa inavyonukia ikichanua kule Embu. Niliweka sahihi kama mtu anayepunga mkono wa kwaheri, nikaenda zangu.

Mwanamke wa viatu vya matope alikuwa wakili kutoka Meru mjini, jina lake Karimi. Kazi yake ilikuwa kesi za wafanyabiashara na za watu walioachishwa kazi. Aliketi juu ya gunia bila kupangusa, akafungua mkoba wake na kutoa bunda kavu la miraa. Kananu alikuwa ameliokota siku ile na kulihifadhi.

"Unalijua?"

Nililitazama. Kamba mara moja. Ncha nje, kama mkia wa panya.

Mwanangu, harufu ya kahawa iliniisha puani. Niliikumbuka ile asubuhi: dereva anasimulia, mimi nimeachama mdomo, nimeshafika Embu kwa mawazo, na mikono yangu inachota popote, hata kwenye rundo la jana. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilikichimba, kisha nikamtumbukiza mwenzangu.

"Ni langu," nilisema.

"Najua. Niliwauliza wafungaji wote. Kila mmoja alisema si lake, kisha akacheka na kuniambia ni la nani."

"Lakini mimi niliondoka kule, mama. Hayo yamepita."

"Wewe uliondoka, kijana. Jina lako lilibaki Kangeta linafanya kazi. Kila banda Kananu anakobisha, karatasi yako imeshamtangulia."

Nilimuuliza nitapatwa na nini nikisema ukweli. Hakunidanganya. "Mimi ni wakili wa Kananu, si wako. Siwezi kukuahidi kitu. Tafuta wakili wa kukushauri kwanza." Akainuka. "Sheria haimkatazi mwenye banda kumwachisha mtu kazi. Inamtaka amwambie kosa lake na amsikilize kwanza. Kananu hakusikilizwa na yeyote. Nimekuja kuona kama wewe utamsikiliza."

Akaondoka, ukungu ukammeza. Nilichuma kahawa mpaka adhuhuri bila kujua ninachuma nini. Kisha nikamrudishia mwenye shamba kikapu chake, nikashika njia ya Meru.

Mahakamani, wakili wa mwenye banda alinicheka. "Ulidanganya wakati ule, au unadanganya leo?"

"Wakati ule, mheshimiwa. Leo nimekuja kulichukua jina langu."

Jaji alituomba mimi na Kananu tufunge, kila mtu kwa mkono wake. Majani ya mgomba hayakuwepo, tukafunga kwa gazeti na uzi. Mabunda mawili mapya yaliwekwa kando ya lile kavu, na hata mwenye banda aliinamisha kichwa.

Hukumu ilipotoka, Kananu alisafishwa jina na kuandikiwa barua ya kumsifu kazini, isiyo na doa. Nje, nilisimama mbele yake. Alilitazama bunda la gazeti mkononi mwangu.

"Bado linatembea uchi," alisema, akanishika bega. Msamaha wake wote ulikuwa ndani ya mkono ule.

Sikukatazi kutembea, mwanangu. Mimi mwenyewe bado miguu inaniwasha nikisikia jina la mji nisioujua. Lakini heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa kalamu. Usiweke sahihi kwa jambo ambalo jicho lako halikuliona, hata kama anayekuomba ndiye anayekulisha. Na kama umeshaiweka, usingoje wakili achafue viatu vyake akikutafuta. Rudi mwenyewe.

Mungu akupe miguu ya kufika mbali, na jina linaloweza kurudi kila ulikopita likapokewa kwa kicheko.