Makande Niliyoyamwaga Hedaru

Nilipokuwa bwana afya, nilimwaga chakula cha mama mmoja pale Hedaru, na sheria ilikuwa upande wangu. Alikuwa mjane kutoka Chome, kule milimani, akiwauzia makande madereva wa malori. Leseni alikuwa nayo, na vyombo vyake vilikuwa safi. Alichokosa ni kadi ya kupimwa afya. Mara tatu aliifuata ofisini kwetu Same, na mara zote mimi mwenyewe nilimjibu, "Kadi zimekwisha, mama. Rudi wiki ijayo."

Siku ya ukaguzi nilifuatana na mkuu wangu.

"Shikamoo, mama. Kadi yako iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Si wewe uliyeniambia zimekwisha?"

Madereva waliacha kula. Nilimgeukia mkuu wangu, naye akauliza, "Anayo au hana?"

"Hana."

"Basi fanya kazi yako."

Niliinua sufuria ikiwa bado inatoa mvuke, nikayamwaga makande mtaroni. Mama alichutama na upawa wake, akaanza kuchota yale ya juu ambayo hayakugusa tope. Nikayakanyaga kwa buti, maana ndivyo tulivyofundishwa: chakula kilichoteketezwa kisimrudie mlaji.

Kadi mpya zilipofika mwezi uliofuata, nilimwandikia yake kabla ya wote, nikampelekea. Kibandani kwake nilimkuta kijana anayeuza vocha za simu.

"Mama amerudi milimani," aliniambia. "Alisema ukija, nisikupe hata maji ya kunywa."