Alibonyeza 'Ndiyo', sauti ya marehemu ikapotea

Saa tatu asubuhi, katika ofisi ya chama cha wakulima na wafugaji iliyopo Mlabani, Ifakara, chai ya Evelina Melkiori inapoa mezani. Kwenye kompyuta yake kuna ombi: "Seva hii haijatumika kwa muda mrefu. Niizime?"

Anayeuliza si mtu. Ni wakala wa akili unde, programu iliyopewa kazi ya kusimamia seva za chama, yaani zile kompyuta za kukodi zilizoko mbali na kufikiwa kwa mtandao. Evelina hana haraka ya kujibu. Anamwita mwenzake, Lukelo, na wote wawili wanafungua seva hiyo kuona ndani mna nini.

"Zamani ningeshabonyeza," anasema akitazama chini. "Nilikuwa na mkono mwepesi mno."

Mkono huo ndio unaomtia aibu mpaka leo.

Seva aliyoiruhusu ifutwe mwaka jana ilihifadhi sauti za makubaliano ya mapito ya ng'ombe upande wa Malinyi. Huko, wakulima na wafugaji wakishaelewana mifugo ipite wapi kwenda mtoni, huitembea njia nzima pamoja, na mwenye shamba hurekodiwa akitaja kila alama: mti huu, kichuguu kile. Ugomvi ukizuka, sauti inafunguliwa, watu wanasikiliza, kisha wanarudi makwao.

Masika bonde likijaa maji, hakuna ng'ombe anayepita, basi hakuna anayegombana. Seva ikakaa kimya. Mwezi wa tano wakala akaandika kwamba hakuna aliyeigusa kwa miezi mitatu, kwamba inakula fedha bure, na kwamba ikifutwa pamoja na nakala zake haitarudi tena. Akauliza kama aendelee.

"Aliniuliza vizuri kabisa," Evelina anasema. "Ila siku hiyo alishaniuliza mambo mengi, yote nikajibu ndiyo. Na hilo nikajibu ndiyo, andazi mkononi."

Kinachomchoma zaidi ni kwamba yeye ni mtoto wa bonde hilihili.

"Dungu la kulindia mpunga likibaki tupu baada ya mavuno, halijatelekezwa. Mwenyewe atarudi. Ni mgeni tu atakayelivunja afanye kuni. Huyo wakala ni mgeni, masika haijui. Mimi je?"

Mwezi wa saba, Mabula Ndaki, mfugaji wa Kisukuma, alizuiwa na vijana wa kijiji akiswaga ng'ombe kwenda mtoni. Walisema pale si njia. Mkulima aliyemkubalia apite, Mzee Sylvester, alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Mabula hakugombana na mtu. Alipiga simu ofisini: "Binti, fungua sauti ya marehemu itusemee."

Evelina akatafuta, asione kitu. Akaelewa: ilikuwa kwenye seva ile aliyoruhusu ifutwe.

"Nikamwambia, baba, mtandao unasumbua. Alipopiga kesho yake, nikamwambia hivyohivyo."

Njia ya mwongo ni fupi. Ng'ombe walikuwa bado wamezuiwa bila maji, na ndama wawili wakafa. Aliposikia hayo, Evelina alipanda basi mpaka kijijini, akasimama mkutanoni, akasema ukweli wote. "Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani," anasema.

Mabula alifoka, na alikuwa na haki. Lakini neno lililompata Evelina barabara lilitoka kwa Tekla, mjane wa Sylvester, aliyesubiri watu watawanyike kwanza.

"Mwanangu, njia mimi naijua, nitawaonyesha. Leo nilikuja nimsikie mzee."

Hakukuwa na sauti nyingine ya Sylvester popote. Akifika hapo, Evelina anageuzia uso dirishani, na Lukelo anajifanya anatafuta kalamu.

Chama hakikumfukuza. Kilimtaka atengeneze alichoharibu. Leo wakala hana tena ufunguo wa kufuta. Anaweza kuomba kuzima tu, maana kilichozimwa huwashwa. Kikizimwa hukaa mwaka mzima, masika na kiangazi, wenye mali waulizwe, na ndipo watu wawili waidhinishe kufutwa, kila mmoja kwa ufunguo wake. Nakala zinatunzwa mahali ambapo wakala hafiki.

"Siku hizi hafuti hata matangazo ya simu," Lukelo anamtania. Evelina anatabasamu kidogo tu.

Mpango wake ni kurekodi upya mapito yote kabla maji hayajapanda. Nusu yameshakamilika. La kwanza walilitembea Tekla na Mabula, ng'ombe wakifuata nyuma. Walipofika kwenye kichuguu cha mwisho, Tekla aliisogelea simu akasema, "Hapa ndipo mume wangu alisimama." Kisha akamgeukia Evelina: "Na mimi nikishanyamaza, mtanifuta?"

"Nilimjibu hapana, mama," anasema Evelina. "Ninachoomba, siku wajukuu zake wakija hapa kutaka kumsikia bibi yao, nisiwaambie mtandao unasumbua."