Chupa ya Maji Makali kwa Bibi Veronika

Banda la baba lilikuwa na harufu ambayo sijaikuta tena mahali popote: ukali mwembamba, kama limau lililokamuliwa juu ya chuma chenye kutu, umechanganyika na vumbi la mtaa wetu wa Makanyagio na joto la nyaya za paneli za sola. Asubuhi betri zilipangwa sakafuni, kubwa za magari na ndogo za pikipiki, nazo zikijaa chaji zilitoa mchemko wa chini kwa chini, mithili ya uji unaotokota nyumba ya jirani. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa kizingitini, maana ndani sikuruhusiwa, nikasikiliza mchemko ule mpaka macho yakalegea, na mara nyingi sikujua kama nimelala au nimeamka.

Baba alikuwa Msukuma aliyefika Mpanda akiswaga ng'ombe wa babu, kisha akaacha ng'ombe akafuata betri. Tindikali tuliita maji makali. Aliyaweka kwenye dumu lake lilelile yalilonunuliwa nalo, ndani ya sanduku la mbao lenye mchanga chini na kufuli juu, na ubavuni alibandika karatasi yenye alama ya kalamu kuonyesha yalipofikia. Hakuyahamishia kamwe kwenye chombo cha kunywea. Alisema ubaya wa maji yale ni upole wake: hayana rangi, hayafuki moshi, yanatulia kama ya kisimani.

Kiangazi kile nguzo za umeme zilifika mtaani kwetu, na wateja wakaanza kupungua. Baba hakulalamika. Alisema mgeni njoo, mwenyeji apone, akaanza kufunga kazi pole pole kama mtu anayekunja nguo. Maji makali mengi alimpelekea fundi mwenzake wa nje ya mji, ambako betri zilikuwa bado zinahitajika. Betri mbovu aliziacha na maji yake ndani, zikiwa zimesimama wima, mpaka mnunuzi wa vyuma alipozichukua, kwa kuwa maji yaliyokwisha kukaa na risasi, ile metali ya ndani ya betri, alisema, hayamwagwi hata kwa adui. Yakabaki maji safi kidogo, chini ya robo dumu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Bibi Veronika, mjane aliyehamia mjini kutoka Katumba, ambako wazazi wake walipewa mashamba walipotoka Burundi. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alichobaki nacho cha kumfurahisha ni redio iliyotumia betri ya pikipiki, na kila jioni kwaya zilipoanza aliniita nikae naye kwenye mkeka, akaimba kwa Kirundi huku akinichambulia karanga. Siku moja redio ikanyamaza. Baba aliipima betri akasema imekufa, haina dawa. Mimi nilikuwa nimemwona mara nyingi akiongeza maji kwenye betri nayo ikaamka, nikadhani amechoka tu. Alipoacha sanduku wazi ili apokee mzigo, nikatia maji makali hadi nusu ya chupa tupu ya maji ya kunywa, nikaifunga vizuri, nikampelekea bibi. Nilimwambia ni dawa ya redio. Akanishika shavu. Alisema mkwe wake akija Jumamosi atamtilia, akaiweka juu ya meza.

Zikapita siku mbili ambazo nazikumbuka kama ndoto ya mchana: jua jeupe, vumbi la bodaboda likining'inia hewani bila kutua, nami nikingoja kwaya zirudi. Siku ya tatu baba alifungua sanduku, akalitazama dumu, akaitazama alama ya kalamu. Akatuita, mama na mimi, tukasimama mlangoni.

"Sitampiga mtu," alisema. "Nataka kujua yako wapi tu. Yanafanana na maji."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Akilini niliona meza ya bibi, niliona na chupa nyingine iliyokaa pale siku zote, ya maji yake ya kumezea vidonge. Kwa kumbukumbu yangu nilinyamaza muda mrefu sana, kivuli cha paa kikasogea. Kisha nikasema, "Kwa Bibi Veronika. Mezani."

Baba alichota konzi ya magadi jikoni, akamwambia mama abebe ndoo ya maji, tukaenda. Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwake, kidonge kiganjani, kikombe mkononi. Baba hakumkimbilia wala hakumshtua. Alipiga goti, akampa shikamoo, kisha akasema kwa upole, "Bibi, naomba hicho kikombe."

Akampa kwa mikono miwili, akidhani mgeni ana kiu. Baba akadondosha chembe ya magadi ndani. Tukaitazama ikizama. Haikutoa povu lile la magadi yakikutana na maji makali. Yalikuwa maji. Aliingia ndani, nami nyuma yake: chupa mbili zilisimama bega kwa bega, vifuniko vyote vya bluu.

Aliichukua ile ya maji makali, akamweleza bibi yote, bila kunifichia. Bibi alipapasa ukingo wa kanga yake. Kisha akasema, "Mwana wanje alitaka redio yangu iongee." Mwana wanje, kwa Kirundi chake, ni mwanangu. Jioni ileile baba alimpelekea betri nzima, moja ya zile alizokuwa amejiwekea.

Kesho yake alinisimamisha uani, mbali kidogo, ili upepo usije kwangu. Alivaa glavu ndefu na miwani. Alijaza beseni la plastiki maji hadi nusu, akayamimina maji makali ndani yake kama uzi, kidogo kidogo, akinifundisha kuwa makali ndiyo huingia ndani ya maji, kinyume chake yanaruka usoni. Kisha magadi, konzi kwa konzi. Povu jeupe lilipanda likanong'ona, likapasuka, likapanda tena, na jua likaweka vipande vya upinde wa mvua juu yake. Tulingoja mpaka magadi yakaingia bila kelele. Ndipo akayamwaga kwenye shimo, mbali na kisima.

Bibi Veronika alifariki miaka kadhaa baadaye, kwa uzee. Leo kwangu umeme upo saa zote, na tindikali inauzwa madukani, mtaa wa Kashaulili, pamoja na sabuni, ya kung'arishia marumaru. Juzi fundi aliyemaliza choo changu aliniachia iliyobaki kwenye chupa ya maji ya kunywa, nyuma ya mlango. Nilimwita arudi aichukue kwa kazi yake nyingine, ikiwa kwenye chombo chake na jina juu. Alinicheka kidogo. Hatukuwa na marumaru zamani, wala duka la dawa hizo, lakini kila kikali kilikuwa na mtu aliyejua kimefikia wapi.

Baba sasa ni mzee, anakaa na mdogo wangu mtaa wa Majengo. Jumapili iliyopita nilimwomba msamaha kwa kunyamaza kule mlangoni. Alinitazama kwa mshangao. Hana kumbukumbu yoyote ya kile kikombe cha bibi. "Hukunyamaza," alisema. "Nilikuwa sijafunga mdomo, ukajibu."