Mbwa Mzee Aliyekagua Makochi

Siku mbwa wangu alipopanda juu ya kochi la mteja akakataa kushuka, mimi na shemeji yangu tulikubaliana jambo moja. Ndani ya lile kochi kulikuwa na mali haramu.

Msinicheke bado. Nipeni nafasi nieleze.

Mimi ni fundi makochi. Unaniletea kochi lako limechoka, springi zimechungulia nje, nalivua, nalijaza sponji mpya, nalivika kitambaa, unaondoka nalo kama bibi harusi. Karakana yangu ipo chini, sisi tunaishi juu. Upande mmoja nipo mimi na mkasi wangu, upande wa pili yupo shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye ni seremala. Mume wangu anafanya kazi mbali, kwa hiyo shemeji ndiye mlinzi wa nyumba na ndiye redio yake.

Mtaani wanamwita Inspekta. Upolisi hajaufanya hata siku moja. Ila ukipoteza sindano, kabla hujainama kuitafuta yeye ameshapata washukiwa.

Mlango wetu mkubwa unakaa wazi barabarani mchana kutwa, nikaona nitafute mbwa mkali. Nikaenda kwenye kituo wanapotunza mbwa waliotupwa na wenyewe.

Nilikwenda kutafuta mlinzi, nikarudi na mgonjwa.

Alikuwa amelala peke yake kwenye kona. Rangi ya kahawia, mdomo mweupe kwa mvi, jicho moja lina ukungu. Wenzake wote walikuwa wanabweka na kuruka, yeye alinitazama tu kama mtu aliyekaa hospitali muda mrefu.

"Huyu vipi?" nikamuuliza mama mhudumu.

"Huyo amerudishwa, dada. Zaidi ya mara moja."

Nikashtuka. Mbwa kurudishwa? "Anauma?"

"Hajawahi hata kumtisha mtu."

"Sasa kosa lake nini?"

Mama akazungusha kamba mkononi. "Makochi. Akifika kwa watu ananusa makochi yote, halafu analala mlangoni analia. Watu wanachoka."

Mwenyewe nilihisi kuna kitu ananificha. Ile haraka aliyonikabidhi nayo kamba, ungedhani ananiuzia pasi mbovu. Lakini nilishamtazama yule mbwa usoni, na mimi nikishamtazama kiumbe usoni nimekwisha.

"Makochi kwangu ndiyo yamejaa," nikamwambia. "Twende, Babu."

Jina likawa hilo hilo.

Inspekta alipomwona alizunguka mara moja, mikono nyuma. "Shemeji, huyu mlinzi wako, mwizi akija itabidi amsaidie kupanda ngazi."

Tukacheka. Babu akaenda moja kwa moja chini ya meza yangu ya kukatia, akajilaza juu ya vipande vya kitambaa. Nilipoanza kukata, akauweka mdomo wake juu ya mguu wangu. Tangu siku hiyo, nikikata, mguu wangu ni mto wake. Nilimpenda upesi kuliko nilivyotaka, nasema ukweli.

Ila alikuwa na tabia yake.

Kochi likiingia tu, Babu anaamka. Anajikokota mpaka pale, ananusa kiti, ananusa mkono wa kochi, anaingiza pua katikati ya mito. Anasimama kidogo. Kisha anageuka, anarudi chini ya meza na kushusha pumzi ndefu.

Kochi gani, la nani, hakubagua. Yote alikagua.

"Shemeji," Inspekta akaninong'oneza siku moja, randa mkononi, "huyu ni mbwa wa polisi."

"Acha mambo yako."

"Nani alimfundisha kukagua? Huyu alikuwa anatafuta bangi kwenye mizigo. Amezeeka, wamemtupa, lakini kazi bado imo kwenye damu. Ndiyo maana yule mama alikuficha."

Nilimkatalia kwa mdomo. Moyoni likaingia. Nikawa kila mteja akileta kochi namtazama Babu kwanza, kisha mteja.

Daktari wa mifugo alikuja kumpima, akasikiliza kifua chake muda mrefu. "Moyo umechoka sana. Dawa hizi zitamsaidia kidogo. Mpe raha, asipate mshtuko." Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba niko naye kwa muda mfupi, na nilichotaka ni hicho tu, muda wake uliobaki apate raha na aondoke kwa amani.

Ndipo akaja yule bwana.

Shati limepigwa pasi, sauti ya chini, gari la mizigo limepaki na injini inanguruma. Akashusha kochi la watu wawili, la zamani, kitambaa cha kijani kilichokwisha rangi.

"Badilisha kitambaa chote," akasema. "Na hiki cha zamani ukichome."

"Nikichome? Wengine wanakitaka."

"Mimi sikitaki. Choma, dada, tafadhali."

Nilimwona Inspekta ameacha kupiga randa.

Babu akatoka chini ya meza. Akaja polepole kama kawaida yake. Akaweka pua kwenye mkono wa kochi.

Akaanza kutetemeka mwili mzima. Akatoa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Yule mbwa asiyeweza kupanda ngazi akapanda lile kochi, akajizungusha, akajikunja upande wa kushoto.

Nikamgeukia mteja. Uso ulikuwa umemshuka. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akasema kuna mtu anamsubiri, akaingia kwenye gari. Huyo.

"Umeona?" Inspekta alikuwa anatetemeka kuliko mbwa. "Umemwona alivyokimbia? Amemtambua mbwa wa polisi!"

Nilijaribu kumshusha Babu, akaninung'unikia. Nilipoleta mkasi karibu na kile kitambaa, akaningurumia. Mimi! Mimi ninayempa dawa kwa mkono wangu! Niliumia, na papo hapo nikaogopa. Kama kuna kitu kibaya mle ndani, kimekutwa kwangu. Nani ataniamini?

Siku iliyofuata alikuwa bado pale juu. Maji nilimpelekea kwenye bakuli, chakula akakataa. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida. Nikaona huyu mtu na mzigo wake ananiulia mbwa.

Kwa hasira nikachukua simu, nikamwandikia yule bwana: "Tumeshaijua siri ya kochi lako."

Jibu likaja upesi. "Naomba tusifikishane mbali. Nitakuja nieleze kila kitu. Tafadhali dada yangu mkubwa asijue."

Inspekta akaisoma, akaketi juu ya mbao. "Genge la familia, shemeji. Dada ndiye mkuu wao. Lisemwalo lipo."

"Tulifungue kabla hajafika," nikasema.

Inspekta akambeba Babu, mbwa akilia kama mtoto, mimi nikalipindua kochi miguu juu. Fundi hakati kitambaa anapotaka kuona ndani. Anang'oa pini za stepla, anakishusha kitambaa cha chini, tumbo lote linakuwa wazi. Niling'oa huku jasho linanitoka.

Kikaanguka kitana. Kikaanguka kioo cha miwani. Kikaanguka kidonge cha uzi wa kufumia na sindano yake. Kikaanguka kimpira kilichotafunwa mpaka kikapoteza umbo.

Na manyoya ya kahawia, mengi, yamesokotana kama sufi.

Inspekta aliinama akatazama mle ndani, akainuka. "Bangi iko wapi?"

Niliokota manyoya, nikayaweka kwenye aproni yangu, ambayo kila siku inajaa manyoya ya Babu. Yalikuwa yale yale.

Nikaligeuza kochi, na sasa ndiyo nikalitazama kwa macho ya kazi yangu. Kila kochi hueleza aliyelikalia. Hilo ndilo jambo la kwanza baba alinifundisha, ndilo la kwanza ninalotazama kwa kila mteja, na hili nilikuwa sijalitazama kwa sababu nilikuwa natafuta bangi. Upande wa kulia palikuwa na bonde la mtu mzima, aliyekaa pale miaka. Upande wa kushoto palikuwa na bonde dogo la mviringo.

"Mshushe," nikamwambia Inspekta.

Babu akarudi kwenye lile bonde dogo. Alilijaza, halikubaki hata pengo la kidole.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Alikuwa hakagui makochi ya watu. Muda wote ule alikuwa anatafuta la kwao.

Yule bwana alipofika hakuingia, alisimama mlangoni kama anayesubiri kupigwa. Babu akamwona. Nilidhani atanguruma. Akatikisa mkia.

Hapo mtu mzima akaanza kulia.

"Mbwa wa mama," akasema. "Mama alikuwa anasema ana watoto watatu, mimi, dada, na huyu kitinda mimba. Jina lake ndilo hilo, Kitinda. Kabla hajafariki alinishika mkono akaniambia nisimwache. Nikakubali. Mwenye nyumba ninayopanga hataki mbwa, nikampeleka kituoni. Dada nikamwambia amekufa kwa majonzi ya mama."

"Na kitambaa? Kwa nini kichomwe?"

"Kila nikikaa pale naona mama ananiuliza mbwa yuko wapi. Dada amelitaka kochi likae kwake. Nikaona nilisafishe."

"Mficha maradhi, kaka," Inspekta akasema kwa upole, "kifo humuumbua." Kisha akageuka kufuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, akazidi kulia.

Nikamwambia ampigie dada yake. Hakutaka. Nikamwonyesha kifua cha Babu kinavyohema. Akapiga, akasema yote akiwa amesimama katikati ya karakana yangu, mbele yetu.

Dada alifika pamoja na daktari wa mifugo, niliyekuwa nimemwita. Mwanamke mnene, anatembea kwa mashaka ya magoti. Hakumsalimia mtu. Alikwenda akaketi kwenye bonde la kulia, akasema, "Kitinda."

Nahisi sauti ilikuwa kama ya mama yao, kwa sababu Babu aliinua kichwa na masikio yote mawili. Akasogea, akamlalia mapajani. Dada akamkuna nyuma ya sikio bila haraka.

"Nilijua hajafa," akamwambia kaka yake, bila kumtazama. "Nilikuuliza umemzika wapi, ukanijibu umesahau. Nani anasahau kaburi? Nilikuwa nakusubiri wewe useme."

Daktari akapima, akatikisa kichwa. "Anateseka. Tusimcheleweshe."

Mimi nilirudi nyuma. Wenyewe wamepatikana, mimi ni nani? Nilikuwa na wivu, msinihukumu. Nilisimama kwenye meza yangu ya kukatia, nikajifanya nakunja kitambaa.

Nikasikia kitu kinaburuzika.

Babu alikuwa ameshuka. Alikuja hatua kwa hatua, anapumzika, anakuja, mpaka chini ya meza, kwenye vipande vyake. Akaweka mdomo juu ya mguu wangu.

Dada akasema, "Basi. Ameshatuona."

Daktari akapiga magoti, na sindano ya kumpumzisha ikapigwa pale pale. Nilihisi uzito wa kichwa chake ukiongezeka taratibu juu ya mguu, na sikuusogeza mpaka ukafa ganzi.

Kochi nililitengeneza. Kitambaa sikukibadilisha, nilishona tu palipochanika. Sponji nikaongeza kila mahali isipokuwa kwenye yale mabonde mawili. Ni kazi ambayo fundi yeyote angeona haya kuikabidhi, na dada aliipokea kwa mikono miwili.

Inspekta anaendelea na upelelezi wake, huyo hatapona. Lakini mimi nimejifunza. Kushuku ni rahisi, unakaa tu ulipo na kichwa kinakuletea majambazi. Kuuliza ndiko kunakohitaji kuinuka. Ningemuuliza yule bwana siku ya kwanza, "Kaka, unamjua huyu mbwa?", Babu angekaa na watu wake siku nzima zaidi, badala ya kulilinda kochi dhidi yangu na mkasi wangu.

Vipande vyake sijaviondoa chini ya meza. Wateja wakiuliza, ninawaeleza.