Bustani ya Bunju

Baba alipostaafu kuendesha winchi bandarini, sote pale nyumbani Port Reitz tulidhani atafuga kuku. Akafuga bunju.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Tangi la kioo alipewa na rafiki yake mfanyakazi wa hoteli huko Shanzu. Bunju mwenyewe, samaki ajifuraye kama puto, alinaswa na wavuvi nyuma ya mtaa wetu, kwenye mkono wa bahari penye mikoko na tope. Walikuwa wanamtupa, maana kila mtu wa Pwani ajua bunju haliwi. Sumu yake haina masihara. Baba akamleta ndani ya ndoo, mdogo kama limau, amefura kwa hasira, macho yamemtoka.

"Bwana, umeniletea mauti sebuleni?" Mama aliuliza.

"Si wa kula, ni wa kutazama."

"Basi mtazame wewe. Mimi namtaka aondoke."

Alikotoka bunju maji hayakuwa ya chumvi kamili wala matamu, kwa hiyo Baba alichanganya ya bahari na ya mfereji. Kipimo chake kilikuwa ulimi. Alichota kijiko, akafumba macho, akasema, "Bado kidogo," kama mpishi wa harusi. Mama akaficha vijiko vyake vyote.

Katika hali hiyo ndipo watu wa Likoni walipotuma salamu kwamba wangekuja Jumapili ya pili kuniposa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kijana wao nilimpenda. Mama alitaka tangi lifunikwe kwa kitambaa. Baba akakataa. Alisema wageni hawawezi kumkuta samaki kwenye kioo kitupu kama mahabusu, atampandia bustani.

Alianza na magugu ya kisimani. Siku mbili ndani ya chumvi yakawa kama mchicha uliopikwa ukasahauliwa. Jirani yetu, mama mmoja wa bara ambaye mumewe alifanya kazi uwanja wa ndege, akaleta sukuma wiki. Tukaifunga kwenye jiwe kwa uzi. Bunju ana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Aliikata vipande vya mviringo, kimoja kimoja, na kila kimoja akakitema. Kesho yake maji yalinuka hadi barazani.

"Hiyo ni kiburi," jirani alisema, ameziba pua. "Kwetu hata ng'ombe anakula hii."

Zilibaki siku tatu. Nikaona niokoe posa yangu mwenyewe. Uani tulikuwa na ua wa mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani visivyo na majani, na mimi niliona wafanana na matumbawe. Nikavunja fungu zuri, maziwa yakitiririka, nikaingia nalo sebuleni. Mkono wangu ulikuwa juu ya maji Mama alipotoka jikoni mbio, unga hadi viwikoni, akanipokonya.

"Wataka kumuua? Kwetu Kusini mnyaa ukipondwa ukatiwa kidimbwini, samaki wote waelea! Nenda kanawe, wala usijishike macho."

"Lakini Mama, si wewe humtaki?"

"Nilisema aondoke. Sikusema afe."

Baba alimtazama kama ndiyo kwanza anamwona. Mama akaona haya, akajifuta unga.

"Na wewe," akamwambia, "samaki wa mikokoni wampandia mboga za nini? Mpandie mkoko."

Ijumaa jioni Mama alinichukua hadi matopeni yeye mwenyewe. Tuliokota miche iliyoanguka, mirefu kama mishumaa, Mama akikagua kila mmoja kama haujatobolewa na wadudu. Mara mbili aliteleza akakaa chini, na mara zote mbili alidai amekaa makusudi. Tukaiosha, tukaisimamisha kwenye mchanga wa tangi, ncha zikiwa nje ya maji. Hapo majani yangechipua ambako meno hayafiki. Bunju aliung'ata mche mmoja, akauacha, akageukia konokono wadogo tuliowaleta bila kujua. Akawatafuna kwa sauti.

Jumapili wazee watano wakaja. Mjomba wa bwana harusi, ndani ya kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, aliinama kwenye tangi.

"Mashallah, bustani ndani ya maji!"

Bunju aliona uso, akadhani chakula, akamtemea maji kwenye ndevu. Wote wakacheka, hata mjomba.

"Samaki gani huyu?"

"Bunju," Baba akajibu kwa fahari.

Kicheko kikakatika. Na wakati huohuo Mama akaingia na sinia za wali wa nazi na mchuzi wa samaki.

Walikula wali kwa achari. Walikula wali kwa ndizi. Mchuzi haukuguswa. Mzee mmoja alisema samaki humpandisha presha. Mwingine, shavu limejaa wali, alisema yeye leo amefunga. Nilikuwa nikichungulia mlangoni, nikaona ndoa yangu yapoa pamoja na mchuzi.

Mama alitoka, akarudi na kichwa cha nguru juu ya sahani, akakiweka katikati ya mkeka.

"Huyu ndiye aliyepikwa," alisema. "Nguru. Yule mwingine ni mtu wa nyumbani."

Baba akachota mchuzi, akala. Mjomba alimkazia macho hadi alipomeza, kisha akangoja ameze tena. Aliyefunga ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Posa ikakubaliwa kabla ya kahawa.

Bunju aliishi miaka minne baada ya mimi kuhamia Likoni. Alipokufa, Mama ndiye aliyemchimbia shimo, refu mno kwa samaki wa kiasi kile, paka wasije wakamfukua wakafa. Kisha akavaa buibui, akapita nyumba hadi nyumba kuwaonya wenye paka.