Fimbo Nzito ya Baba Vumilia

Jumanne, tarehe 17 Juni 2025. Asubuhi kulikuwa na baridi kavu, anga nyeupe kwa vumbi, na upepo ulivuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Siku hiyo Nyamizi alipanda bodaboda kwenda Geita mjini kumnunulia mumewe fimbo ya kuvulia samaki.

Mumewe, Januari, ambaye yeye alimwita Baba Vumilia kwa jina la mtoto wao, alikuwa mchimba dhahabu. Ujana wake wote uliishia Masumbwe, ndani ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akipasua mwamba kwa nyundo na tindo. Mwaka uliopita kifua kikamshinda. Daktari alimwambia mapafu yameshiba vumbi la mawe, shimoni asirudi tena. Masumbwe bila shimo hakuna maisha, basi wakafunga mizigo na kuhamia kwao Nyamizi, katika kijiji kilicho ufukweni mwa ziwa.

Mwanamume wa Kisukuma kuhamia ukweni si jambo dogo. Hakuna aliyemsema Januari, na hilo ndilo lililomtesa. Mama mkwe wake alimpelekea chakula peke yake, kwenye bakuli lenye mfuniko, na ndani mlikuwa na kipande cha samaki kinono kuliko vyote. Januari alikula nusu na kurudisha nusu.

"Nakula kama mgeni aliyesahau kuondoka," alimwambia mkewe.

Alitaka kitu kimoja tu: kumpelekea mama mkwe samaki aliyemvua mwenyewe. Mtumbwini asingeweza, kasia na baridi ya maji vingemmaliza. Lakini mchangani, amekaa kwenye kigoda, arushe mshipi na kusubiri, hapo alijiona anaweza. Akauza nyundo na tindo zake kwa wachimbaji wenzake, akampa Nyamizi ile pesa, maana safari ya pikipiki kwenye vumbi ingempa kikohozi cha wiki nzima.

"Fimbo ndefu, nyepesi," alisema. "Na rili ndogo ya kukunjia mshipi, isiyokwama. Nyepesi, Mama Vumilia. Unanisikia?"

Alimsikia vizuri sana.

Duka la Mzee Narendra liliuza nyavu, kamba, viatu vya mpira na makarai, kwa hiyo wavuvi na wachimbaji walikutana humo. Nyamizi alipofika aliwakuta vijana wawili wa migodini wakipima kamba. Akamsalimu mzee shikamoo, akaeleza anachotaka. Mzee akashusha fimbo mbili na kuziegemeza kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ncha yake ikicheza hata kwa kuguswa na kidole. Ya pili ilikuwa nene, nyeusi, na rili yake kubwa kama ngumi.

Kule Masumbwe, Nyamizi ndiye aliyemchagulia mumewe mipini ya nyundo. Januari alimwachia kazi hiyo, akisema mkewe ana jicho. Alishika mpini mwishoni, akaunyoosha mbele, akatazama kama unalegea. Ukilegea, aliurudisha. Mpini mzuri ulijaa mkononi na ulikuwa na uzito wake. Sasa aliinua ile fimbo nyembamba vilevile, kwa mkono ulionyooshwa, na ncha ikainama kuelekea sakafuni.

"Hii mbona kama bua bichi?" alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa," mzee alijibu. "Hiyo inajipinda, inarusha yenyewe. Hii nyeusi inataka mtu. Fimbo nzito, bega zito. Mumeo mkono wake ukoje?"

Mmoja wa wale vijana akageuka kumtazama. Lilikuwa swali la kawaida, la muuzaji anayetaka kuuza vizuri. Jibu lake lilikuwa fupi: mume wangu ni mgonjwa. Nyamizi aliliona jibu hilo likiwa tayari ulimini. Akawaona wale vijana, mabega yao, matope makavu kwenye viatu vyao.

"Mume wangu ni mchimbaji," alisema. "Ana mkono wa chuma."

"Wa duara gani, mama?" kijana akauliza.

"Masumbwe."

"Mwambie aache mambo ya samaki, aje atusaidie! Sisi huku mwamba unatucheka."

Wakacheka, na Nyamizi akacheka nao. Kwa muda ule mfupi alikuwa na mume mzima. Akabeba fimbo nyeusi.

Njiani, nyuma ya bodaboda, fimbo ikimkandamiza bega, ndipo neno "nyepesi" lilipomrudia. Akajiambia Januari atazoea. Akajiambia kitu cha maana lazima kiwe na uzito. Kila alichojiambia kilikaa sekunde chache kisha kikaanguka.

Januari alipoipokea, mkono wake ulishuka kidogo. Akauinua upesi.

"Eee, hii ni mali," alisema. "Asante, Mama Vumilia."

Jioni, jua likiwa bado juu ya maji, wakashuka mchangani. Makoye, kaka yake Nyamizi, alikuwa pale akishona nyavu zake.

"Shemeji!" akapaza sauti. "Hiyo ya kuvulia samaki au ya kuchungia viboko?"

"Ya kuwachapia mashemeji wasio na adabu," Januari akajibu, na wote wakacheka, maana shemeji ni wa kutaniwa.

Januari akaweka dagaa kwenye ndoano, akafunga chubwi la kuzamisha mshipi, akasimama. Akaivuta fimbo nyuma ya bega na kurusha. Fimbo haikujipinda. Chubwi likaanguka kwenye maji ya magotini, pale watoto wanapooshea miguu. Akakunja mshipi, akarusha tena. Mara ya tatu fimbo ilimtoka mikononi, akapiga magoti mchangani akikohoa, kikohozi kile kikavu ambacho Nyamizi alikijua mwanzo wake lakini hakujua mwisho wake. Akamkimbilia na kumshika mgongo. Kupitia shati alihisi mifupa.

Makoye hakuwa akicheka tena. Akaja na kuiokota fimbo, akaipima mkononi.

"Nani aliyekuchagulia hii, shemeji? Hii hata mimi inanichosha."

"Mimi," Januari alisema, pumzi ikiwa bado haijarudi. "Nilimwagiza nzito. Ujinga wangu, nilifikiri bado niko shimoni."

Nyamizi alisikia kila neno. Akatazama mchanga. Makoye akampa pole shemeji yake, akarudi kwenye nyavu zake, na hapo ndipo Nyamizi alipokuwa na nafasi ya kusema. Hakusema. Alibeba kigoda kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, wakapanda polepole kurudi nyumbani, wakisimama kila Januari alipohitaji kusimama.

Mama mkwe alileta bakuli kama kawaida. Januari alifunua mfuniko, akatazama, akafunika tena.

"Kwa nini ulimwambia Makoye uliniagiza nzito?" Nyamizi akauliza.

"Ningesemaje? Kwamba mke wangu hasikii?"

"Nilisikia. Mzee aliniuliza mkono wako ukoje. Nikamwambia wa chuma. Kulikuwa na vijana wa migodini pale, Baba Vumilia. Niliona aibu."

"Aibu ya nani?"

Alitaka kusema aibu ya maisha, au ya umaskini. Lakini haikuwa hivyo.

"Yako," alisema.

Nje mbuzi walikuwa wakifungiwa zizini. Januari akasema, bila ukali, "Ulikuwa ukimchagulia yule wa zamani."

"Ndiyo."

"Hata mimi ninamkumbuka." Akamsogezea bakuli. "Kula wewe. Mimi nimeshiba."

Angemgombeza ingekuwa nafuu. Nyamizi alikula chakula cha mumewe, kipande kile kinono, na hakikuwa na ladha.

Asubuhi iliyofuata aliifuta fimbo nyeusi mchanga wote, akatoa punje zilizoingia kwenye rili kwa kutumia unyoya wa kuku. Kisha akaenda Geita. Dukani kulikuwa na watu wengi kuliko jana, na yule kijana wa kamba alikuwemo. Kijana akamkumbuka, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mama! Mzee wa mkono wa chuma kavua nini?"

"Hajavua kitu," Nyamizi alisema. Akaiweka fimbo kaunta, akamgeukia Mzee Narendra, lakini sauti aliitoa ya kusikika duka zima. "Jana nilikudanganya, mzee. Mume wangu ni mgonjwa wa kifua. Vumbi la mawe. Akitembea kidogo anapumzika. Mkono wake hauna nguvu."

Kijana akaweka kamba chini, akavua kofia. "Pole, mama," alisema, na mwingine nyuma yake akasema pole, na mwanamke aliyekuwa akichagua karai naye akasema pole. Zilikuwa zile pole alizozikimbia jana. Nyamizi akaziitikia zote, moja baada ya nyingine.

Mzee Narendra akaikagua rili, akaizungusha, akakubali kwa kichwa kuibadilisha. Akashusha fimbo nyembamba. Nyamizi aliipokea kwa mkono wa kushoto, ule dhaifu, akaunyoosha mbele. Ncha ikainama. Akaishikilia hivyo, mpaka akaridhika kwamba mkono haukuchoka, ndipo akasema afungiwe.