Safari ya Amerika Tuliyokatazwa Kuitaja

Enzi zetu pale Evere, Bruxelles, miaka ya tisini, safari haikutangazwa. Ukitangaza, wenye wivu watakufungia njia; wazazi wetu walitoka na imani hiyo Bukavu, na baridi ya Ubelgiji haikuwabadilisha. Basi viza za Amerika zilipotoka, Maman alifunga mlango wa jikoni akatuonya, mimi na kaka yangu Trésor: "Musikie vizuri. Muntu yeyote asijue. Tukishafika, ndio mutapiga simu."

Jamani, mtoto ananyamazaje na Amerika kifuani? Nilikuwa nacheka peke yangu kitandani. Trésor alijifunza Kiingereza mbele ya kioo, akipindisha mdomo mpaka mbavu zinatuuma. Chumba chetu kilinuka ndakala, vile visamaki vikavu, maana Maman alivificha katikati ya nguo zetu. Alikuwa amesikia kwamba Amerika hakuna chakula cha kueleweka.

Kilichoniuma ni Solange, rafiki yangu wa ghorofa ya chini. Shule moja, basi moja, hata kanisa moja. Kila asubuhi alinipangia jinsi tutakavyokaa dawati moja mwaka ujao, nami naitikia tu. Ningeondoka bila kumuaga, halafu angekuja kugonga mlango wa nyumba tupu.

Jumapili ya mwisho, mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Nikaona Maman anasimama. Maman yuleyule. Akashika kipaza sauti, machozi yanamtoka: "Bon, nilisema nitanyamaza, lakini furaha imenizidi. Bandugu, Mungu ametufungulia Amerika. Tunaenda juma hii."

Papa aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Solange akanigeukia.

"Ulikuwa unajua?"

"Walinikataza kusema."

Akanifinya mkono kwa nguvu, kisha akaushika mpaka ibada ikaisha. Sijawahi kufurahia kufinywa namna ile.

Siku ya kuondoka, kanisa karibu lote lilitusindikiza Zaventem, na sambusa, na nyimbo, mpaka askari wa uwanja wa ndege wakaja kuuliza kuna nini. Solange alining'ang'ania shingoni, hakuniachia mpaka Papa alipoita jina langu. Nilipanda ndege nalia na kucheka kwa pamoja. Miezi ya kwanza Amerika, hatumjui jirani hata mmoja, tulikula ndakala zetu tukisimuliana siku ile, na ugeni ukapungua.

Watoto wa leo nawapenda, ila wananishinda. Hata tiketi hawajanunua, dunia nzima imeshajua kwenye simu. Mwezi jana binti yangu alikuwa anaenda Ulaya kusoma. Njiani alinionyesha simu yake kwa fahari: mamia ya watu wamempongeza. Tulipofika uwanja wa ndege nikazungusha macho huku na huku, nikitafuta wenzake. Tulikuwa mimi na yeye tu.